Bwana Marey na Bunduki Isiyoua



Wengi wenu hamnifahamu, kwa kuwa niliondoka shuleni zamani kidogo, wakati ambapo baadhi ya waalimu wenu wa sasa walikuwa bado wanavaa kaptura za wanafunzi. Siku hizi nakaa Kator, upande wa Juba lilipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresia. Nasomesha hesabu, na jioni jua likishapoa nawafundisha vijana mbio katika kiwanja cha vumbi. Mhariri aliniandikia akitaka habari za huku. Nilikusudia kueleza habari za mto Nile na za soko la Konyo Konyo, lakini jambo moja lilinipata, likanifanya nisome maisha ya Mfaransa mmoja aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, nami sasa sina habari nyingine kichwani ila zake.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi moja vijana wangu wawili walishindana mita 100, na zawadi ilikuwa jozi moja ya viatu vya kukimbilia. Mwamuzi nilikuwa mimi peke yangu. Wakaja bega kwa bega, vumbi likatimka, nami nikamnyoshea mkono yule wa kushoto. Watu wa yule wa kulia hawakukubali. Kelele zikawa nyingi, na hapa kwetu kelele za namna hiyo si jambo la kuchezea, maana wiki nyingine huanza na mbio zikaisha na fimbo. Mtazamaji mmoja akasema amepiga picha kwa simu yake. Tukaitazama picha baada ya picha, watu ishirini tumeinama juu ya kioo kimoja kidogo. Katika picha moja hakuna aliyefika mstarini. Katika picha iliyofuata wote wawili wamekwisha pita.

Usiku ule nilifanya hesabu. Simu ile huchukua picha 30 katika kila sekunde. Kijana wangu hukimbia kiasi cha mita 8 kwa sekunde. Basi kati ya picha na picha huwa amekwenda sentimita 27, yaani zaidi ya shibiri. Haki yake, kama alikuwa na haki, ilipotelea ndani ya shibiri ile. Viatu nimekwisha vitoa. Yule wa kulia hakuja mazoezini wiki ile, wala iliyofuata.

Hapo ndipo nilipotaka kujua ni nani aliyekuwa wa kwanza kuihangaikia shibiri hiyo.

Étienne-Jules Marey alizaliwa tarehe 5 Machi 1830 katika mji wa Beaune, nchi ya Ufaransa, mahali panapojulikana kwa mizabibu. Baba yake alikuwa mtu wa kazi ya mvinyo. Kijana alipenda vyombo, magurudumu na springi, na moyo wake ulikuwa katika uinjinia. Lakini baba alitaka mwanawe awe daktari, na kwa kuwa zama zile neno la baba lilikuwa neno, Marey akaenda Paris mwaka 1849 kusoma udaktari. Nadhani dunia ilipata faida kwa ugomvi huo wa moyo na utii. Alikuwa daktari aliyeutazama mwili wa binadamu kama fundi anavyoutazama mtambo, na maradhi yake yalikuwa moja tu: kila kitu kinachokwenda alitaka kijiandike chenyewe, pasipo kumtegemea mtazamaji na macho yake.

Alianza na mapigo ya damu. Kwa maelfu ya miaka madaktari waliyapima kwa kidole juu ya kifundo cha mkono, na kila kidole kilikuwa na maoni yake. Karibu na mwaka 1860 Marey akatengeneza chombo kidogo cha kufungwa mkononi: ufito mwepesi hukaa juu ya mshipa, mshipa ukipanda nao hupanda, na ncha ya ufito huchora mstari juu ya karatasi iliyopakwa masizi, inayovutwa na mtambo wa saa. Mapigo yakawa milima na mabonde yanayoweza kupimwa kwa rula. Chombo hicho kilimpa jina na fedha kidogo. Mwaka 1864 akapanga jengo la kale la Paris lililokuwa zamani nyumba ya michezo ya kuigiza, akalijaza mipira, mirija na wanyama.

Kutoka damu akaenda kwa miguu. Wakati ule watu wenye farasi walibishana mno kama farasi akienda mbio hufika wakati miguu yote minne ikawa hewani. Hakuna jicho lililoweza kuamua. Marey akaweka kifuko cha mpira chenye hewa chini ya kila kwato, akaunganisha mirija mpaka kwenye chombo alichoshika mpanda farasi mkononi. Kila kwato ikigusa ardhi, hewa husukumwa na kalamu huchora. Mistari ikasema ndiyo, iko nafasi ambapo farasi haigusi nchi kabisa. Habari hizo alizichapisha mwaka 1873 katika kitabu chake juu ya mnyama kama mtambo.

Lakini ndege je? Hapo mipira na mirija ilimshinda. Aliwafunga njiwa na mwewe katika hatamu ndogo, akawarusha wakizunguka kwenye mkono mrefu wa mti ndani ya chumba, mirija ikining'inia. Alipata kitu, naam, lakini ndege aliyefungwa huruka kama mtu aliyefungwa. Ukitaka kupima mwendo kwa kumpachika mwendaji mzigo, unapima mwendo wa mwenye mzigo. Mimi nimelisoma neno hili mara nyingi, kwa kuwa ndilo linalogawanya maisha yake sehemu mbili. Alihitaji uzi usio na uzito, na uzi wa namna hiyo upo mmoja tu, nao ni mwanga.

Msaada ulitoka mbali. Huko California tajiri mmoja, Leland Stanford, mwenye farasi wa mbio, alimwajiri mpiga picha Mwingereza aitwaye Eadweard Muybridge. Mwaka 1878 Muybridge alipanga kamera nyingi kando ya njia, kwanza 12, kisha 24, farasi akipita anakata nyuzi na kila kamera inafyatuka kwa zamu yake. Picha zilipochapishwa Paris mwishoni mwa mwaka ule, Marey alifurahi kama mtoto, akaandika mara moja kutaka kujuana na mtu huyo, akitaja kwamba yeye mwenyewe anawaza bunduki ya kupigia picha za ndege. Mwaka 1881 Muybridge akaja Paris akapokewa nyumbani kwake. Lakini picha za ndege alizoleta hazikumfaa mwenyeji wake. Farasi hupita mahali ulipotega kamera; ndege hana barabara. Mtu anayetaka kumfuata ndege hana budi kugeuka naye. (Watu hawa wawili walizaliwa mwaka mmoja, wakafa mwezi mmoja wa mwaka mmoja, na herufi za kwanza za majina yao ni zilezile, E. J. M. Sioni maana yoyote ndani yake, ila napenda kuitaja.)

Marey alikuwa na nyumba Posillipo, juu ya ghuba ya Napoli nchini Italia, ambako alikwenda kila mwaka kukimbia baridi. Huko, mwanzoni mwa mwaka 1882, alitengeneza bunduki yake. Wazo moja aliliazima kwa mnajimu Janssen, ambaye mwaka 1874 alikwenda Japani na chombo mfano wa bastola kupiga picha za sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Lakini chombo kile kilikuwa cha polepole, na sayari haina haraka ya shakwe.

Nitaieleza bunduki hiyo kwa urefu, maana ndiyo moyo wa habari yangu. Ilikuwa na kitako cha kuegemezwa begani, na mtutu mnene ambao ndani yake mlikuwa na lenzi badala ya risasi. Nyuma ya mtutu palikuwa na kisanduku cha duara chenye mtambo wa saa. Ukivuta kifyatulio, kioo chenye dawa ya picha huzunguka kwa vituo, husimama, huenda, husimama, mara 12 katika sekunde moja. Na kila kinaposimama, sahani ya chuma yenye tundu jembamba hupita mbele yake na kuingiza mwanga kwa muda wa sehemu moja ya 720 ya sekunde. Fikirini muda huo. Kijana wangu wa mita 8 kwa sekunde, katika muda huo, husogea sentimita moja na kidogo tu, kwa hiyo picha yake haiwi ukungu. Kioo kikijaa picha, mwindaji huweka kingine na kuendelea.

Inasimuliwa ya kuwa wenyeji wa Posillipo walimwona mzee wa miaka 52, mwenye ndevu, akizunguka pwani na bunduki, akiwalenga shakwe kwa uangalifu mkubwa, akivuta, hakuna mlio, hakuna ndege anayeanguka, naye anarudi nyumbani mikono mitupu mwenye furaha tele. Wakamhesabu kuwa na kichaa. Lakini katika kioo chake shakwe mmoja aliyekuwa akipiga mbawa mara tatu kwa sekunde alikuwa ameandikwa mara nne katika kila pigo moja la mbawa: mbawa juu, zikishuka, chini, zikipanda. Hakuna mwanadamu aliyepata kuliona jambo hilo kabla yake, ingawa shakwe wameruka mbele ya macho yetu tangu dunia iumbwe.

Na angalieni namna ya kumlenga. Mwindaji wa ndege halengi alipo ndege, hulenga anapokwenda. Mikono ya Marey ilikisia mwendo, macho yakasahihisha kisio, mikono ikakisia tena. Neno hili litarudi mbele.

Bunduki yenyewe hakuitumia sana. Picha zilikuwa ndogo mno, ndege akawa kama doa jeusi. Basi mwaka uleule, kwa fedha za serikali na kiwanja cha mji wa Paris, akafungua kituo cha kuchunguza mwendo karibu na msitu wa Boulogne, chenye njia ya duara ya mita 500 na nguzo za simu kila mita 50, mkimbiaji akipita nguzo umeme unaandika. Akajenga banda lenye kiza, weusi wa makaburi ndani yake, na mbele ya banda hilo akawapitisha watu waliovaa nguo nyeupe. Kamera moja, kioo kimoja kisichosogea, na sahani yenye matundu inayozunguka mbele ya lenzi: mtu mmoja akatokea mara nyingi juu ya kioo kimoja, kama kundi la ndugu wanaofuatana.

Ila hapo pakazuka tatizo. Mtu akienda polepole, picha zake hupandana, mguu juu ya mguu, husomi kitu. Dawa yake ilikuwa ya ajabu kwa urahisi wake. Alimvika mtu nguo nyeusi toka utosi hata unyayo, kisha akambandika mistari myeupe kwenye mikono na miguu, na vitone vinavyong'aa kwenye viungo: bega, kiwiko, nyonga, goti, kifundo. Mwili ukapotea, ukabaki mwendo peke yake. Mara nyingi aliyevaa nguo hiyo alikuwa msaidizi wake, Georges Demenÿ, na wengine walikuwa askari wa chuo cha mazoezi cha Joinville, maana Ufaransa ilikuwa imepigwa vitani mwaka 1870 na wakubwa walitaka kujua askari aende hatua gani asichoke.

Mwaka 1888 aliacha kioo akatumia utepe mrefu wa karatasi, na baadaye wa filamu, unaokwenda na kusimama nyuma ya lenzi. Hivyo ndivyo sinema ilivyopata uti wake wa mgongo. Mwaka 1894 akaonyesha Chuo cha Sayansi cha Paris picha za paka aliyeangushwa miguu juu, 60 kwa sekunde. Mabwana wengi walishikilia kwamba paka hawezi kujigeuza hewani pasipo kusukuma mkono uliomshika. Picha zikaonyesha paka anaanza kuanguka bila kusukuma kitu, kisha anajipinda, sehemu ya mbele kwanza na ya nyuma baadaye, akafika chini kwa miguu yake. Paka alishinda wasomi.

Katika mwaka huohuo alifanya jambo nisilolipenda. Demenÿ alitaka kuuza mitambo ya picha ziendazo ili apate riziki. Marey aliona ni kuichafua elimu, akamtaka aondoke kazini. Mzee yule hakuwa na haja ya kuonyesha watu kile ambacho macho yao hukiona kila siku. Yeye alitaka kile kisichoonekana. Sawa, lakini mtu aliyevaa nguo nyeusi na vitone miaka zaidi ya kumi apate angalau shukrani. Mwaka 1895 ndugu Lumière wakaonyesha sinema yao Paris na jina likawa lao.

Mwaka 1900, michezo ya Olimpiki ilipofanyika Paris, watu wa Marey waliwapiga picha wanariadha wa Marekani wakiruka na kukimbia, ili wajulikane wanashindaje. Wilbur Wright na nduguye walikuwa wamesoma kitabu chake. Desemba 1903 waliruka na eropleni. Mei 1904 Marey akafa Paris, miezi mitano baadaye.

Mtauliza, na yanahusu nini sasa? Upungufu mkubwa wa Marey ulikuwa mmoja: jibu lake lilichelewa. Ilimpasa aingie chumba cha giza, asafishe kioo, apime kwa rula. Shakwe wakati huo yuko Sicilia. Waliofuata wamejitahidi kulipata jibu papo hapo, kitu kikiwa bado kinakwenda. Satelaiti ya kwanza iliporushwa mwaka 1957, Wamarekani walikuwa wakitengeneza kamera kubwa ziitwazo Baker-Nunn, zilizogeuka pamoja na satelaiti angani kama bunduki ya Posillipo ilivyogeuka na ndege. Na katika miaka ya 1960 moja iliwekwa jirani yetu Ethiopia. Hata hizo zilitaka filamu isafishwe.

Kompyuta ndiyo iliyoziba pengo. Kamera mbili au zaidi hukitazama kitu kimoja kutoka pande mbalimbali. Marey naye mwaka 1887 alimpiga ndege picha kutoka pande tatu, akamfinyanga shaba akiruka. Kompyuta hukitafuta kile kitone kinachong'aa katika kila picha, hupima pembe, na kukata shauri kiko wapi. Kisha hufanya kama mwindaji: hukisia kitakuwa wapi katika picha inayofuata, na kukitafuta hapo tu, si katika uwanja mzima. Kikikosea kidogo, kisio husahihishwa. Kwa sababu haipotezi wakati kutazama mahali pasipo kitu, huwahi kumaliza hesabu kabla picha nyingine haijafika. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2014 kamera 14 zililinda magoli mawili kwa njia hiyo, na saa ya mwamuzi ilimjulisha kabla ya sekunde moja kuisha kama mpira umevuka. Tangu mwaka 2013 kamera zimefungwa chini ya paa la viwanja vyote vya ligi kubwa ya mpira wa vikapu ya Marekani, zikimfuata kila mchezaji. Mmoja wa wa kwanza kufuatwa hivyo alikuwa Luol Deng, mzaliwa wa Wau, aliyekuwa akichezea Chicago. Vijana wa Kator wanamjua Deng. Habari za yule aliyevaa nguo nyeusi na vitone niliwapa mimi.

Nami sina kamera 14. Nina simu ya kuazima, ambayo nimegundua ya kuwa ukiibadilisha kidogo huchukua picha 240 kwa sekunde. Shibiri yangu imekuwa sentimita tatu na theluthi. Nimegundua pia kosa lingine, kubwa kuliko lile la kwanza: yule mtazamaji alisimama kando, akatazama mstari kwa mshazari, na mshazari humpendelea aliye upande mmoja. Kwa hiyo nimechimba nguzo mwishoni kabisa mwa mstari, simu ifungwe juu yake itazame mstari wenyewe, na ng'ambo ya pili nimetundika kitambaa cheusi nilichonunua kwa fundi cherehani Konyo Konyo. Kila kijana atabandikwa utepe mweupe kifuani.

Nilimpelekea habari yule kijana wa kulia, nikakiri ya kuwa sikuona sawasawa siku ile na kwamba nitatafuta jozi ya pili ya viatu hata nikikopa. Hakuja mwenyewe. Alimtuma mdogo wake, ambaye alinisalimu kwa adabu, akasema kaka yake atakimbia Jumamosi, lakini kwa sharti: nguzo ing'olewe, ikachimbiwe upya yeye mwenyewe akitazama.

Jana nimeing'oa.